Kuandika Aljebra katika Kompyuta

Unapoandika sehemu katika daftari, huweka kiasi juu, ukapiga mstari, kisha ukaweka asili chini. Daftari lina juu na chini. Mfumo wa hesabu wa intaneti, ambamo mwanafunzi huandika jibu lake kwa kompyuta, mara nyingi humpa mstari mmoja tu, nayo kompyuta husoma kile kilichoandikwa, si kile alichokikusudia.

Tuseme unaishi Mbagala, wilayani Temeke. Dada yako ana machungwa x. Anaongezewa 6, kisha mnagawana yote sawasawa, ninyi wawili. Andika fungu la kila mmoja. Wanafunzi wengi huandika x+6/2, na jibu likikataliwa husema kuwa mashine ni mbovu. Je, ni mbovu kweli?

Chukua kalamu ujaribu. Fanya x kuwa 10. Machungwa yote ni 16, na fungu la kila mmoja ni 8. Sasa kokotoa 10+6/2. Kumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kugawanya hutangulia kujumlisha. 6/2 ni 3, na jumla ni 13. Ninyi wawili mngehitaji machungwa 26! Jibu sahihi ni (x+6)/2. Mabano hushika nafasi ya ule mstari mrefu wa daftarini.

Vivyo hivyo, sehemu yenye 1 juu na 2x chini huandikwa 1/(2*x). Ukiandika 1/2*x, utapata nusu ya x.

Kinyota * ni alama ya kuzidisha, maana × ingechanganywa na herufi x. Lugha ya kompyuta iitwayo FORTRAN ilikitumia tangu mwaka 1957. Mifumo mingine huielewa 2x bila kinyota, lakini ni salama zaidi kukiweka. Kipeo huandikwa kwa alama iliyo kama paa la nyumba: x mara x ni x^2.

Hata hivyo, usilifuate neno MAGAZIJUTO kama kasuku. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo 10-4+3 ni 9, wala si 3.

Zoezi: Abiria 3 wanapanda daladala Tegeta, wilayani Kinondoni. Kila mmoja analipa nauli ya shilingi n, pamoja na shilingi 200 za mzigo wake. Andika malipo yao yote kwa mstari mmoja. Kisha yaandike bila mabano, ufanye n kuwa 600, na ueleze kondakta atapunjwa shilingi ngapi.