Kabla ya kuhesabu mizani, tusome jina la diwani

Mnamo mwaka 2015, Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika ilipotolewa kwa mara ya kwanza, miongoni mwa miswada iliyoshinda ulikuwamo wa mashairi wa Mohammed Khelef Ghassani, Mzanzibari na mwandishi wa habari aliyehamia Ujerumani. Mwaka uliofuata, shirika la Mkuki na Nyota la Dar es Salaam liliuchapisha kwa jina la N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini.

Nakusudia kuonyesha kwamba jina hilo pekee lina somo zima juu ya uhamiaji na kumbukumbu, somo ambalo hutupita kila tunapofundisha ushairi kana kwamba ni hesabu ya vina na mizani.

Tuanze na neno la kwanza. Mwanafunzi aliyezoea maswali ya mtihani atajibu mbio kwamba "n'na" ni inkisari, yaani mtunzi amefupisha neno ili kutosheleza mizani. Na ahesabu basi! "Nina" ni mizani mbili. "N'na" pia ni mizani mbili, kwa kuwa nazali hiyo husimama peke yake kama silabi, sawa na "m" katika "mtu". Malenga hakupunguza hata mizani moja. Alichofanya ni kuandika jinsi watu wa visiwani, na wa Mombasa pia, wasemavyo majumbani mwao. Amehama na matamshi yake. Mwalimu atakayelipigia neno hilo mstari mwekundu atakuwa amefuta alama ya kwanza ya kumbukumbu katika kitabu kizima.

Pili, tukitazame hicho kiungo "-na". Msemaji wa Kiswahili anaposema "nina kalamu", kisarufi anasema kwamba yeye yu pamoja na kalamu. Kwa hiyo mhamiaji asemaye "n'na kwetu" hadai tu kwamba anamiliki pahali fulani ng'ambo ya bahari. Anadai kuwa yu pamoja napo, hata akiwa katika mitaa ya Ulaya.

Tatu ni "kwetu" yenyewe. Lugha yetu ina petu, kwetu na mwetu. Petu huonyesha mahali mahususi, mwetu huonyesha ndani, ilhali kwetu hutaja mahali bila kupawekea mpaka. Isitoshe, msemaji ni mmoja lakini umilikishi ni wa wingi. Akisema "kwangu", aghalabu tutafahamu nyumba yake; akisema "kwetu", wazazi, majirani na waliokwisha kuzikwa huingia wote katika neno hilo.

Jambo hili linatuhusu sana sisi Wakenya. Hapa nchini swali "kwenu ni wapi?" huulizwa darasani, matatuni na ofisini, mara nyingi kwa nia njema. Lakini hatujasahau kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya elfu moja waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Wengi waliamriwa warudi "kwao", ilhali walikuwa wamezaliwa papo hapo walipofukuzwa. Tofauti ya kwetu na kwenu si ya nafsi ya kisarufi tu. Kwetu hutamkwa na mwenyewe; kwenu inaweza kubandikwa na mtu mwingine, tena kwa nguvu.

Wapo watakaosema kwamba wahenga walikwisha kutuonya: mkataa kwao ni mtumwa. Naam, lakini methali hiyo inamlaumu anayekana, wala haimlaumu anayehama. Wala haikusema kwamba mtu asiwe na kwao zaidi ya kumoja. Mtoto aliyezaliwa Nakuru na wazazi waliotoka Siaya ana haki ya kupaita pote pawili kwao.

Nawaomba walimu wenzangu, kabla ya kumwuliza mwanafunzi shairi ni la bahari gani, wamwulize ni nani anayesema, yuko wapi, na anapataja wapi kuwa kwao. Kisha wamwachie aandike beti mbili juu ya kwao yeye, kwa matamshi ya nyumbani kwao. Vina na mizani vitahesabiwa baadaye.