Mbavu za nguruwe: Moto mdogo huleta ulaini na usalama

Msimu wa sikukuu unapowadia, foleni kwenye bucha za nguruwe hurefuka, na mbavu ndizo huisha mapema. Shida huanza zikifika nyumbani. Mara nyingi huwekwa moja kwa moja juu ya makaa yanayowaka kwa nguvu. Baada ya dakika 20 zimekuwa nyeusi kwa nje, ndani bado zina wekundu, na nyama haiachani na mfupa hata ikivutwa kwa meno.

Lawama huenda kwa muuzaji kwamba ameuza nguruwe mzee. Mara nyingi kosa si lake, ni la moto mkali na muda mfupi. Haraka hiyo haiharibu ladha tu. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuleta minyoo aina ya tegu nyumbani. Habari njema ni kwamba upishi unaolainisha mbavu ndio huo huo unaoua vimelea hao.

Anza na muhuri

Kabla ya kununua, tafuta muhuri wa mkaguzi wa nyama. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356 ya Sheria za Kenya, inataka nyama inayouzwa kwa umma iwe imekaguliwa. Kama huoni muhuri kwenye kipande ulichokatiwa, mwombe muuzaji akuonyeshe sehemu ya nyama iliyopigwa muhuri. Mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Anayechinja nguruwe nyumbani kwa ajili ya harusi, mazishi au sikukuu naye anashauriwa kumwita mkaguzi kupitia ofisi ya mifugo iliyo karibu kabla ya siku yenyewe.

Mkaguzi hutafuta, pamoja na mambo mengine, vifuko vidogo vyeupe vyenye maji ndani ya misuli, ambavyo hubeba lava wa tegu. Mbavu zenye vifuko hivyo zisinunuliwe wala kuliwa. Hata hivyo, nguruwe mwenye vifuko vichache anaweza kupita bila kugunduliwa. Kwa hiyo muhuri haumwondolei mpishi wajibu wa kuivisha nyama.

Tegu na kifafa

Mtu akila nyama mbichi au isiyoiva yenye vifuko hivyo, mnyoo hukua ndani ya utumbo wake. Anaweza kuishi naye kwa muda mrefu bila dalili kubwa. Hatari zaidi iko kwenye mayai ya mnyoo huyo, ambayo hutoka na choo kikubwa. Mwenye tegu asiponawa mikono vizuri, mayai yanaweza kuingia kwenye chakula au maji ya familia nzima, hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe.

Mayai hayo yakimezwa, lava husafiri mwilini na wanaweza kufika kwenye ubongo, ambako husababisha kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako tegu wa nguruwe ameenea, takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa vinatokana naye. Kifafa cha namna hii hakihusiani na laana wala uchawi, na kinaweza kuzuiwa.

Kwa nini mbavu huwa ngumu

Misuli ya mbavu hufanya kazi kila nguruwe anapopumua, hivyo imeshikiliwa na nyuzi nyingi ngumu. Kipande kinene cha nguruwe huwa salama kuliwa joto la ndani likifika nyuzi 63 za Selsiasi kisha kikaachwa kutulia kwa dakika tatu. Lakini mbavu katika joto hilo bado ni ngumu. Nyuzi zake huyeyuka polepole na kuwa ute mlaini pale joto la ndani linapokaribia nyuzi 90 na kukaa hapo kwa muda. Ndiyo maana mbavu zilizolainika hivyo mpaka ndani zimeshavuka kiwango cha usalama kwa mbali.

Moto mkali hauharakishi kazi hiyo. Hukausha na kuunguza nje kabla joto halijafika kwenye mfupa. Katika miji ya Marekani kama Memphis na Kansas City, inayosifika kwa mbavu za kuchoma, wapishi huziacha kwenye moto hafifu na moshi kwa saa kadhaa. Nyumbani, sufuria yenye kifuniko hufanya kazi hiyo kwa makaa machache zaidi.

Namna ya kupika kilo 2

1. Geuza mbavu upande wa mifupa. Ingiza ncha ya kisu chini ya utando mweupe, uushike kwa kitambaa safi na uuvute utoke. Utando huo haulainiki na huzuia viungo kupenya.

2. Changanya kijiko kikubwa 1 cha chumvi, vijiko vikubwa 2 vya sukari, kijiko kidogo 1 cha pilipili manga, na kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa. Paka pande zote. Acha kwa saa 2, au usiku kucha, ndani ya friji. Asiye na friji apake na kupika mara moja.

3. Panga mbavu kwenye sufuria, ongeza kikombe 1 cha maji na ufunike. Zikianza kuchemka, punguza moto ili zitokote taratibu kwa saa 1 na nusu hadi 2. Ongeza maji kidogo yakikaribia kukauka. Mwenye oveni anaweza kuzifunga kwa karatasi ya foili na kuzioka kwa nyuzi 150 kwa saa 2 na nusu hadi 3.

4. Pima. Ncha za mifupa ziwe zimejitokeza, na kisu kiingie katikati ya mifupa bila kusukumwa. Kikikwama, rudisha kifuniko na usubiri.

5. Tengeneza mchuzi wa kupaka: kikombe 1 cha sosi ya nyanya, vijiko vikubwa 3 vya siki, vijiko vikubwa 2 vya sukari, pilipili kwa kiasi upendacho, na supu kidogo iliyobaki kwenye sufuria. Chemsha hadi uwe mzito.

6. Sukuma makaa upande mmoja wa jiko. Weka mbavu upande usio na makaa, paka mchuzi na ugeuze mara kwa mara kwa dakika 10 hadi 15. Mchuzi hupakwa mwishoni kwa sababu sukari huungua haraka.

Acha zitulie kwa dakika 5 kabla ya kukata.

Usafi jikoni na chooni

Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari. Mbavu zilizobaki ziwekwe kwenye friji ndani ya saa 2, na zipashwe moto hadi zitoe mvuke.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na baada ya kutoka chooni. Wafugaji nao wanahimizwa kufungia nguruwe na kuhakikisha kila boma lina choo, kwa kuwa nguruwe huambukizwa kwa kula kinyesi cha binadamu mwenye tegu.

Anayeona vipande bapa vyeupe kwenye choo chake, au aliye na mtu nyumbani aliyeanza kuanguka kifafa, afike katika kituo cha afya kilicho karibu. Tegu wa utumbo hutibiwa kwa dawa, lakini dawa hizo zitolewe na mhudumu wa afya baada ya uchunguzi, hasa kwa mgonjwa mwenye dalili za kifafa.