Kabla ya Kununua Plota: Mwongozo kwa Mwenye Duka la Kunakili Ramani

Mji wa Katoro, ulio kando ya barabara itokayo Geita kuelekea magharibi, umekua kwa dhahabu na kwa biashara, na palipo na ujenzi na uchimbaji karatasi kubwa hufuata. Anayeomba kibali cha ujenzi hupeleka michoro ya nyumba halmashauri. Mpimaji hutoa ramani ya viwanja. Mwenye leseni ndogo ya uchimbaji huhitaji ramani ya eneo lake inayoonesha mipaka na mahali maduara yalipo. Michoro hiyo aghalabu huwa ya ukubwa wa A1 au A0, ilhali mashine iliyozoeleka katika maduka ya steshenari huishia A3. Hapo ndipo mchoro mmoja wa A1 hutolewa kopi katika vipande vinne vya A3 na kuunganishwa kwa gundi, na mistari iliyoangukia ukingoni ikapotea.

Mwenye duka anayeliona pengo hilo hushawishika kununua mashine yake mwenyewe. Ni uamuzi wa mamilioni ya shilingi, na mara nyingi hufanywa kwa kutazama jambo moja tu, yaani bei iliyoandikwa kwenye tangazo. Makala haya yanaeleza mambo mengine yanayopaswa kutazamwa, likiwemo lile ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra: je, mstari utakaotoka kwenye mashine hiyo una urefu uleule aliouchora mpimaji?

Jina moja, mashine tatu

Neno “plota” hutumika madukani kwa mashine ambazo hazifanani kazi. Ya kwanza ni ile inayokata stika kwa kisu. Haina wino kabisa. Ya pili ni mashine ya mabango, itumiayo wino wenye kiyeyushi juu ya turubai na vinaili. Ina rangi kali zinazostahimili jua, lakini haikuundwa kwa mistari myembamba juu ya karatasi ya kawaida. Ya tatu ndiyo inayohusika hapa: mashine ya kuchapa michoro ya kiufundi kwenye karatasi ya roli, ama kwa wino wa maji ama kwa tona. Mnunuzi aliyeagiza “plota ya futi tatu” kwa simu bila kueleza kazi anaweza kuletewa yoyote kati ya hizo, na muuzaji akasema, kwa haki yake, kwamba ametekeleza agizo.

Baada ya hapo ndipo upana huchaguliwa. Roli ya inchi 24, yaani milimita 610, huchukua A1, ambayo ukingo wake mfupi ni milimita 594. A0 ina ukingo mfupi wa milimita 841, hivyo huhitaji roli ya inchi 36, yaani milimita 914. Tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili si ndogo. Kabla ya kulipia ile pana, weka daftari mezani kwa miezi miwili na uandike kila mteja aliyekuja na mchoro mkubwa, ukubwa wake, na kama alitaka kuchapa kutoka kwenye faili, kunakili karatasi, au kuiskani. Huenda ukagundua kwamba wenye A0 ni wachache kiasi kwamba inatosha kupokea kazi zao na kuzituma Mwanza. Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari hiyo haingoji tena kivuko.

Wino au tona

Mashine ya wino wa maji ni nafuu kununua na hutoa rangi. Udhaifu wake mkubwa ni kichwa cha kuchapia, chenye matundu madogo kuliko unywele. Wino ukikaukia humo, mistari hukatika, na kichwa kipya ni gharama nzito. Kwa hiyo mashine hii haipendi kulala wiki mbili bila kazi, na haipaswi kuchomolewa kwenye umeme kila jioni kama pasi: ikiwa imewashwa hujisafisha yenyewe mara kwa mara, ingawa usafi huo nao hula wino. Umeme ukikatika ghafla katikati ya mchoro, kichwa hubaki wazi nje ya kifuniko chake. UPS yenye uwezo wa kuiendesha mashine kwa dakika chache, ikamaliza karatasi na kurudisha kichwa mahali pake, ni sehemu ya bei ya mashine. Ihesabiwe tangu mwanzo, pamoja na stabilaiza.

Mashine ya tona ni kopia kubwa. Hufanya kazi upesi, hailalamiki ikikaa bila kutumika, na mistari yake haichuruziki ikilowa. Lakini nyingi huchapa nyeusi tupu, ni nzito, na kifaa chake cha kuunguzia tona huvuta umeme mwingi ambao UPS ndogo na jenereta dogo haviwezi kuumudu. Asiyejiuliza kuhusu LUKU kabla ya kununua atajiuliza baadaye.

Suala la kulowa si dogo. Mchoro wa nyumba huishi mikononi mwa fundi ujenzi, kwenye matope na manyunyu, si kwenye kabati. Wino uliotengenezwa kwa rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji huenea karatasi ikipata unyevu. Wino wa chembechembe hushika zaidi. Mashine nyingi huchanganya: nyeusi ni ya chembechembe, rangi nyingine ni za kuyeyuka. Mwombe muuzaji akuchapie mchoro wa mistari, uache dakika kumi, kisha upitishe kidole kilicholowa maji juu yake. Kidole kitakujibu kabla muuzaji hajafungua kinywa.

Mahali skeli inapopotea

Kwenye ramani ya skeli ya 1:2500, kosa la milimita 2 juu ya karatasi ni mita 5 ardhini. Katika eneo la machimbo, mita 5 zinatosha kulihamisha duara kutoka kwenye leseni ya mtu mmoja hadi ya jirani yake, na kuanzisha mgogoro ambao chanzo chake ni mashine ya kopi. Ni kweli kwamba mipaka ya kisheria haiamuliwi kwa rula juu ya kopi bali kwa majira ya nukta yaliyosajiliwa. Hata hivyo watu huzichukua kopi hizo shambani na kuchimba kwa kuzifuata.

Kosa huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mpangilio wa programu ya kuchapia unaopunguza mchoro ili uenee ndani ya karatasi. Hupunguza kidogo sana, asilimia 3 au 4, kiasi ambacho jicho halioni. Mfanyakazi wa duka afundishwe kuchapa kwa asilimia 100 siku zote, na pale mteja anapotaka mchoro udogoshwe, aambiwe wazi kwamba skeli iliyoandikwa haisemi kweli tena: A1 ikipunguzwa kuwa A3, mchoro wa 1:100 huwa 1:200.

Njia ya pili ni mashine yenyewe. Plota nyingi za michoro hutangazwa kuwa na usahihi wa asilimia 0.1, maana yake mstari wa milimita 800 usipotoke kwa zaidi ya milimita 0.8. Hilo linapimika dukani. Nenda na faili yenye mstari wa milimita 500 kukata upana wa karatasi na mwingine wa milimita 800 kufuata urefu wake. Vichapwe, kisha vipime kwa rula ya chuma. Futi ya kitambaa hunyumbuka. Tazama zaidi ule wa urefu, kwa kuwa kosa hujitokeza upande ambao karatasi huvutwa na magurudumu. Kama mashine inanakili pia, chukua karatasi hiyohiyo uitolee kopi, kisha upime tena, maana kosa la kuskani hujumlishwa na kosa la kuchapa. Muuzaji anayekataa jaribio hili la robo saa amekupa taarifa uliyoihitaji.

Kuhusu skana yenyewe, zipo za aina mbili kuu. Moja huweka vihisi karibu kabisa na kioo. Ni nyembamba na nafuu, lakini karatasi iliyokunjamana ikiinuka kidogo, mistari hufifia. Nyingine hutumia kamera na lenzi, huvumilia mikunjo, na bei yake ni kubwa zaidi. Michoro inayofika dukani ikiwa imekunjwa mfukoni haifanani na ile ya kwenye maonesho ya wauzaji. Beba mchoro mmoja uliochakaa uujaribie. Uliza pia ukali halisi wa skana, si ule unaoongezwa na programu: nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa michoro. Kumbuka kompyuta nayo. Karatasi moja ya A0 ya rangi kwa nukta 300 kwa inchi ni takribani megabaiti 420 kabla ya kubanwa, na kompyuta kuukuu ya duka itakwama hapo.

Hesabu ya karatasi moja

Roli ya milimita 610 yenye urefu wa mita 50 hutoa karatasi za A1 zipatazo 57, ukiacha za kukata na zilizoharibika mwanzoni. Gawa bei ya roli kwa idadi hiyo. Ongeza wino, ukizingatia kwamba katriji zinazokuja ndani ya boksi la mashine mpya mara nyingi hujazwa kiasi kidogo cha kuanzia tu. Tuseme mteja hulipa shilingi 6,000 kwa A1, na karatasi, wino na umeme vinachukua 2,500. Kinachobaki ni 3,500. Mashine ya shilingi 8,400,000 itahitaji karatasi 2,400 ili kurudisha bei yake. Kwa karatasi nne kwa siku na siku 300 za kazi, hiyo ni miaka miwili, kabla ya kodi ya fremu na mshahara. Takwimu hizi ni za mfano. Weka za kwako.

Mashine iliyotumika

Mashine nyingi zilizotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia, na si zote mbaya. Ombi la kwanza liwe ripoti ya matumizi, ambayo mashine yenyewe huichapa: huonesha mita ilizochapa na wino iliotumia. La pili ni kama katriji, vichwa na mkanda unaovuta kichwa bado vinatengenezwa kwa modeli hiyo. Mkanda wa mpira huzeeka hata mashine isipofanya kazi. La tatu husahaulika: baadhi ya watengenezaji hufunga katriji kwa kanda za dunia, hivyo mashine iliyoletwa kutoka nchi nyingine inaweza kukataa katriji halali iliyonunuliwa Mwanza au Dar es Salaam. Katriji bandia nazo zipo. Zinaweza kuua kichwa, na kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa.

Maandishi yatakayokulinda

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi kinga ambayo wengi huipoteza bila kujua. Ukimjulisha muuzaji kazi unayokusudia, na ukategemea utaalamu wake katika bidhaa anazouza, sheria huchukulia kwamba bidhaa itafaa kwa kazi hiyo. Lakini ukiagiza kitu mahususi kwa kutaja jina lake la kibiashara tu, kinga hiyo ya kufaa kwa kazi maalumu haipo. Kwa hiyo usiandike modeli peke yake kwenye agizo. Andika: “mashine ya kuchapa na kunakili ramani za upimaji na ujenzi, A1, kwa skeli sahihi, karatasi kumi kwa siku.” Na ukiikagua mashine kabla ya kulipa, ikague kweli, kwa sababu hutaweza baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuigundua.

Waranti isomwe yote. Je, inahusu vichwa? Je, wino usio wa kiwanda unaivunja? Fundi atafika Katoro, au mashine ya kilo nyingi itasafirishwa kwa gharama yako? Jibu la mdomo lisikubaliwe. Liandikwe nyuma ya ankara na lisainiwe. Dai risiti ya EFD yenye jina la biashara yako, modeli na namba ya mashine, na uhifadhi boksi la asili hadi waranti iishe, kwa kuwa mashine ya namna hii ikisafirishwa bila boksi lake hufika na kasoro mpya.

Mashine ikishindwa kufanya yale yaliyoandikwa, mpelekee muuzaji barua yenye tarehe, ukiambatisha nakala ya agizo, risiti na karatasi ya jaribio la mistari, na ubaki na nakala. Asipojibu, au ikiwa alitangaza sifa ambazo mashine haina, peleka nyaraka hizohizo Tume ya Ushindani, ambayo inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza taarifa za kupotosha katika biashara. Kwa wakazi wa Geita na Shinyanga, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Usiifungue mashine kwa fundi wa mtaani kabla ya hapo, hata kama anaahidi kuimaliza kwa saa moja.