Mtu Mmoja, Fani Mbili

Mchezo wa uhusika ni mchezo wa kusimulia hadithi kwa pamoja, ambapo watu wachache huketi kuizunguka meza, mmoja wao akiwa msimulizi anayeeleza mandhari, maadui na matokeo ya kila jambo, huku kila mmoja wa wenzake akimwendesha mhusika wake kwa kusema anachokifanya, na dadu, ambazo baadhi yake zina pande 20, zikiamua kama jambo hilo limefaulu. Kila mhusika ana fani, yaani kazi inayomtambulisha na kumpa uwezo ambao wengine hawana: mpiganaji hustahimili majeraha, kuhani huponya, mwizi hufungua kufuli na kunyata gizani, na mjuzi wa mizungu huwasha moto kwa maneno matupu. Neno "mchawi", ambalo kamusi ingelitoa mara moja kwa huyu wa mwisho, halifai katika meza yoyote ya Mkoa wa Mara, nchini Tanzania, kwa kuwa huko si neno la hadithi bali ni tuhuma, na nchi yenyewe ina sheria ya uchawi iliyotungwa tangu 1928. Uwezo wa fani hukua ngazi kwa ngazi, kadiri mhusika anavyokusanya pointi za uzoefu kutokana na yale aliyoyapitia. Ugumu huanza pale mchezaji anapotaka mhusika wake awe na fani mbili, kwa mfano upanga mkononi na mizungu mdomoni.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa na fani tatu tu, na kuchanganya fani kulikuwa haki ya viumbe wa hadithi waitwao elfi, ambao waliweza kuwa wapiganaji au wajuzi wa mizungu lakini walipaswa kuchagua kimoja kabla ya kila safari. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975 kiliongeza mwizi na kulegeza sharti hilo. Ilipofika 1978 kanuni zilikuwa zimekwisha kugawa viumbe kwa asili zao: wasio binadamu waliweza kukua katika fani mbili au tatu kwa wakati mmoja, ilhali binadamu aliruhusiwa tu kuiacha fani ya zamani na kuanza nyingine kutoka ngazi ya kwanza, tena kwa sharti kwamba asiitumie ile ya zamani mpaka ile mpya iipite kwa ngazi, na akikiuka hupoteza uzoefu alioupata katika safari hiyo.

Bei ya kuchanganya ilionekana katika hesabu. Kwa kanuni za toleo la 1989, mpiganaji mwenye pointi 16,000 za uzoefu yuko ngazi ya 5. Elfi mwenye fani mbili na pointi hizo hizo huzigawa nusu kwa nusu, 8,000 kwa upiganaji na 8,000 kwa mizungu, hivyo huwa mpiganaji wa ngazi ya 4 na mjuzi wa mizungu wa ngazi ya 3. Yaani amepungukiwa na ngazi moja tu ya upiganaji, naye amepata fani nzima ya ziada. Sababu ni kwamba kila ngazi ya mwanzo ilidai takribani mara mbili ya pointi za ile iliyotangulia, na kwa sababu hiyo kugawa pointi nusu kwa nusu hakukuumiza kama inavyodhaniwa. Ni hesabu iliyompendelea aliyezaliwa elfi, na binadamu alibaki akitazama.

Toleo la mwaka 2000 liliondoa suala la asili karibu lote, likasema kwamba kila mhusika anapopanda ngazi na achague fani atakayoipandia. Toleo la 2014 lilifuata njia hiyo, ila likaifanya kuwa kanuni ya hiari inayohitaji ridhaa ya msimulizi, na likataka mhusika awe na alama zisizopungua 13 katika sifa kuu za fani zote mbili, kama nguvu au akili. Hapo mizani ikageuka. Mpiganaji wa ngazi ya 5 hupewa pigo la pili katika kila zamu, na mjuzi wa mizungu wa ngazi hiyo hupata mizungu ya daraja la tatu, ukiwemo mpira wa moto unaounguza kundi zima la maadui. Lakini mwenye ngazi 3 za upiganaji na 2 za mizungu, ambaye jumla yake ni ileile 5, hana pigo la pili wala mpira wa moto.

Ndipo zinapoingia kanuni za mezani, yaani zile ambazo kundi fulani la wachezaji hukubaliana kuzibadili au kuziongeza bila kumwomba mchapishaji ruhusa. Jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kucheza drafti, kwa kuwa anajua kwamba kijiwe kimoja humlazimisha mchezaji kula na kingine humwachia hiari, na mgeni huuliza kwanza kabla ya kusogeza kete. Wapo wanaofuta sharti la alama 13; wapo wanaohesabu pigo la pili kwa jumla ya ngazi badala ya ngazi za upiganaji peke yake; na wapo wanaotumia kanuni iliyochapishwa mwaka 2004 kwa ajili ya meza zenye wachezaji wachache, ambayo humpa kila mhusika fani mbili kamili katika kila ngazi, akichukua lililo bora la kila upande. Kanuni hizo zote hurekebisha namba, na nyingi huzirekebisha vizuri, lakini hukwepa jambo lililo chini ya namba: mtu huingiaje katika fani? Je, huzaliwa nayo, huifikia kwa wakati wake, au huipata kwa tendo?

Kwa Wakurya wa wilaya za Tarime na Serengeti, katika Mkoa huohuo wa Mara, swali hilo lina majibu ya zamani kuliko dadu zozote. Kila Mkurya huzaliwa ndani ya rika la kizazi, ambalo kwa Kikurya huitwa ikikora, na marika hayo yamo katika mizunguko miwili. Mmoja una Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Mwingine una Abachuma, Abagini, Abanyangi na Abamairabe. Mtoto huingia katika rika linalofuata lile la baba yake ndani ya mzunguko uleule, hivyo mtoto wa Msaai ni Mnyambureti, na mtoto wa Mmaina hurudi kuwa Msaai kama babu wa babu yake. Hakuna wa kuchagua wala wa kuhama. Sambamba na hilo, kijana anapotahiriwa huingia katika kundi la waliotahiriwa naye, liitwalo esaro, ambalo halitazami baba yake ni nani bali msimu aliokikabili kisu. Kwa hiyo kila mtu mzima hubeba tabaka mbili kwa pamoja, moja ya damu na moja ya wakati, na hakuna inayopunguziwa pointi kwa sababu ya nyingine.

Utamu wa mpango huu, na ugumu wake, huonekana pale mizani mbili zinapopingana. Kwa kuwa mzee aweza kuzaa akiwa na miaka 20 na tena akiwa na 60, vizazi hutawanyika, na hutokea kijana aliyetoka tohara juzi akawa ni baba kwa hesabu ya ikikora mbele ya mtu mwenye mvi. Kati ya rika la baba na la mwana kuna heshima na kujizuia, na kati ya babu na mjukuu kuna utani na ukaribu, na taratibu hizo haziahirishwi kwa sababu mmoja ana ndevu na mwingine hana. Mtunga kanuni za mchezo angeona hapo kasoro ya kusawazishwa. Wakurya waliiacha ilivyo, na bila shaka walikuwa sahihi, kwa maana mivutano kama hiyo ndiyo inayowafanya watu wawe na la kuzungumza.

Jibu la tatu, la tendo, lipo pia. Katika ndoa iitwayo nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari na kuoa mke, na watoto watakaozaliwa huhesabiwa wa nyumba yake. Kwa upande wa mahari na urithi anasimama mahali pa mume, wala haachi kuwa mwanamke na mama wa nyumba ileile. Nafasi hiyo ya pili hakuzaliwa nayo wala hakuifikia kwa umri. Aliipata siku ng'ombe walipohesabiwa mbele ya watu.

Kundi la wachezaji wa Tarime likitaka kanuni yake lenyewe linaweza kuzichukua njia hizo tatu kama zilivyo. Fani ya kwanza iwe ya kuzaliwa, isiyobadilika na isiyogharimu kitu. Fani ya pili ifunguliwe kwa msimu, wahusika wote wakivuka pamoja ngazi ya 4, tuseme, ili pasiwe na anayewaacha wenzake nyuma kwa ujanja wa hesabu. Anayetaka ya tatu aitoe mahari yake ndani ya hadithi, kitu anachokipenda na kitakachomuuma kukikosa, mbele ya mashahidi ambao msimulizi ataweza kuwaleta tena baadaye.

Hata hivyo, si kila mchanganyiko unastahili kuruhusiwa, na hapo Wilaya ya Serengeti ina neno lake. Waikoma, kabila la wilaya hiyo, walikuwa wawindaji hodari, lakini mambo ya uaguzi waliyapeleka kwa waaguzi wa Watatoga, watu wa lugha nyingine na maisha ya ufugaji. Na Machaba, pembe za ndovu wanazozitukuza Waikoma, husimuliwa kuwa zilitoka kwa mwaguzi wa Kitatoga. Wahunzi nao, waitwao Waturi, walitengwa kama watu wa pekee, na kuoana nao kulikuwa mwiko, ingawa hakuna mwindaji aliyeweza kwenda porini bila mshale uliotoka kwenye tanuri lao. Meza ambayo kila mhusika wake huwinda, huagua na kufua chuma haina sababu ya kubisha hodi kwa jirani, na msimulizi wake hujikuta akitafuta njama za kuwatoa wahusika nyumbani. Ni afadhali uaguzi ukabaki kwa Mtatoga, ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku mbili, na kanuni iseme wazi kwamba fani hiyo mhusika wa mchezaji haipati kwa ngazi yoyote.

Linabaki jambo dogo la zamu. Vitabu husema kwamba vita vinapoanza kila mtu hurusha dadu ya pande 20, na mwenye namba kubwa hutangulia. Katika meza yenye mhusika kijana wa Abamaina na mwingine mzee wa Abasaai, dadu zikilingana, vitabu humwachia msimulizi au wachezaji waamue wenyewe. Kwa kanuni ya Tarime kijana ndiye baba, naye hutangulia, kisha mzee humfuata, bila kumtania.