Oili ya gari itakuulia klachi ya boda

Umebeba abiria kutoka Mama Ngina, unavuta mafuta, injini inanguruma lakini boda haisongi. Kabla ya kulaumu klachi, mazee, cheki oili.

Kwenye gari la gia za mkono, klachi iko kavu, mbali na oili ya injini. Kwenye Boxer au TVS yako, oili moja inahudumia injini, gia na klachi, na sahani za klachi zinaogelea humo. Oili nyingi za kisasa za gari zina dawa ya kupunguza msuguano ili mafuta yaliwe kidogo. Klachi nayo inaishi kwa msuguano. Ukiuondoa, inateleza.

Geuza kopo usome nyuma. Tafuta JASO MA au MA2, kipimo cha Wajapani cha oili za pikipiki. Ukiona MB, hiyo ni ya skuta za otomatiki. Wachana nayo.

Halafu namba. Kwenye 20W-50, ya kwanza ni uzito wa oili kwenye baridi, ya pili ni injini ikiwa moto. Huku Kizingo baridi tunaisikia redioni tu, kwa hivyo angalia ya pili. Kwenye foleni ya feri saa saba mchana, injini haipati upepo. Oili nyepesi mno hukonda na vyuma vinasagana. Neno la mwisho ni la kitabu cha pikipiki yako.

Oili ya chupa isiyo na lebo ni bei poa, sawa. Lakini klachi ikifa, kazi inalala, na mkopo wa boda haulali.