Picha ya Saini Si Saini ya Kidijitali

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza: "Mtaalamu, nitumie programu gani ili saini yangu itoke safi kwenye PDF?" Eti anataka kusaini mkataba kidijitali. Tumia yoyote uipendayo, maana kusaini kidijitali hujasaini.

Saini uliyoiandika kwa wino, ukaiskani na kuibandika chini ya waraka, ni picha tu. Kila uliyewahi kumtumia barua anayo, na kijana yeyote wa stesheneri ataikata na kuihamishia kwenye mkataba mwingine kabla chai yake haijapoa. Kuigeuza iwe ya bluu ili ifanane na wino hakusaidii. Kuongeza muhuri wa kampuni, ambao nao umeskaniwa, ni yale yale. Hata ukiifunga PDF kwa nywila, umemzuia mtu kuifungua. Hujathibitisha nani kaiandika. Kibaya zaidi, picha haijui imebandikwa juu ya nini. Mtu akifuta milioni 5 akaandika milioni 50, saini yako itabaki palepale, inang'aa.

Saini ya kidijitali ni hesabu. Programu huupitisha waraka mzima kwenye kanuni kama SHA-256, ikatoa alama ya biti 256. Ufunguo wa siri, ulio mikononi mwako peke yako, hukokotoa saini kutokana na alama hiyo, na mpokeaji huikagua kwa ufunguo wako wa umma. Ikiongezwa sifuri moja, au hata koma, ukaguzi unagoma. Ukiihamishia saini hiyo kwenye waraka mwingine, unagoma vilevile. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inataka hivyo hivyo: saini salama ifungamane na data hadi badiliko lolote lijulikane.

Kwamba ufunguo ni wako kweli, hilo huthibitishwa na cheti, na cheti kina thamani ya aliyekitoa. DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti, ilidukuliwa mwaka 2011, vikatolewa vyeti bandia, kikiwemo cha Google. Mwaka huohuo ikafilisika.

Haya, upesi. Chukua cheti kwa mtoa huduma mwenye leseni. Kenya, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Ufunguo wa siri uweke kwenye tokeni, yaani kifaa kidogo cha kuuhifadhi, yenye PIN, si kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na kila mtu. Ukiupoteza, omba cheti kibatilishwe siku hiyohiyo. Ukipokea PDF iliyosainiwa, fungua sehemu ya saini ndani ya programu, usome jina la mwenye cheti na kama waraka umeguswa tangu usainiwe. Na usiniletee karatasi uliyoichapisha ili nikukagulie: saini ya kidijitali haichapishiki.