Je, Wajua? Uwanja wa Michezo Ufukweni Kwa Kila Mtoto

• Mchanga ndio kikwazo cha kwanza kwa kiti cha magurudumu. Magurudumu madogo ya mbele huzama mara moja. Baadhi ya fukwe za California, Marekani, hutandika mikeka migumu hadi karibu na maji, na huazimisha bure viti vyenye matairi manene.

• Kanuni za Marekani za 2010 kuhusu ufikivu kwa watu wenye ulemavu zinataka njia ya mteremko ya viti vya magurudumu isipande zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu wake. Jukwaa lenye kimo cha sentimita 30 tu linahitaji njia ya mita 3.6!

• Kumpakata mtoto mdogo kwenye mtelezo kunaweza kumvunja mguu. Kiatu chake kikinasa ukingoni, uzito wa mzazi huendelea kuwasukuma chini. Akiteleza peke yake, akinasa husimama tu. Kama hawezi peke yake, mtafutie mtelezo mfupi zaidi.

• Plastiki na mpira uliopigwa na jua la mchana huunguza ngozi kama chuma. Gusa kwanza kwa mkono wako, kisha mruhusu mtoto apande. Afadhali mwende asubuhi au alasiri jua likipungua makali.

• Mchezo ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 30, unataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009.